Kabla ya Kupiga Picha Sakarani

Binti wa kaka yangu anaolewa mwezi ujao. Bwana harusi ni kijana wa Iringa, Mhehe kwa baba na kwa mama, na sendofu itafanyika Soni kwa wazazi wa binti. Wiki iliyopita alinipigia simu hapa Sigi, furaha imemjaa mpaka maneno yanapandana. "Shangazi, nimepata mahali pa kupigia picha na wakwe. Sakarani! Kuna miti mikubwa, kuna mizabibu, kuna ile hali ya kizamani. Tena mama mkwe na babu yake mume wangu tutawalaza hukohuko, wapumzike, maana pametulia."

Nikanyamaza. Akadhani mtandao umekatika.

"Shangazi, upo?"

"Nipo, mama. Wakwe zako umewatajia jina la mahali?"

"Jina lina nini?"

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa. Amezaliwa Soni, amepita njia ya Sakarani tangu yuko mgongoni kwa mama yake, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumkalisha akamweleza. Nami nimo katika hao watu wazima. Ndiyo maana namjibu hapa mbele ya wasomaji, kwa kuwa najua vijana wengi wa milima hii wangeuliza vilevile, na msimu wa harusi ndio huu umefika.

Sakarani ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni mlevi. Ndugu yake wa damu ni sakarati, lile neno tunalolisema kwa sauti ya chini mgonjwa anapokata roho. Jina hilo askari walimpa ofisa wao, Tom Prince, kwa jinsi alivyokuwa akiingia vitani kama mtu aliyepandwa na kileo. Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba Mwingereza na mama Mjerumani, akaingia jeshi la Ujerumani na kuletwa huku kwetu. Mwaka 1900 alipoacha jeshi akaja Usambara ya Magharibi, akapewa ardhi, akapanda kahawa, na lile jina la vitani akalipa shamba. Yeye aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji. Jina likabaki mlimani. Leo shamba liko mikononi mwa watawa wa Kibenediktini, na wengi wanalijua kwa divai na kwa makadamia.

Hayo yote binti yangu angeweza kuyasikia na bado akauliza, sasa shangazi, kosa liko wapi? Mzungu alilima kahawa, akafa vitani, yamekwisha.

Kosa liko katika kazi aliyoifanya kabla ya kahawa. Prince ndiye aliyekuwa mkuu wa msako wa Mkwawa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa watu wa kwetu Shambaai tunalijua jina la Mkwawa kama jina la mtaa au la chuo. Iringa wanalijua kama jina la baba. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wahehe lilikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliivamia Kalenga, makao ya Mkwawa yaliyozungushiwa ukuta, chini ya gavana von Schele mwenyewe. Prince alikuwa mmoja wa maofisa waliouvunja ukuta huo. Kalenga ikaanguka, lakini Mkwawa akatoka. Tangu siku hiyo mpaka tarehe 19 Julai 1898, karibu miaka minne, mtawala wa nchi akawa mtu wa kuwindwa katika nchi yake.

Mwaka 1896 Prince alianzisha boma la Iringa na kuhamia na mkewe, Magdalene, ambaye baadaye, mwaka 1903, alichapisha kitabu kuhusu maisha yao huko. Kichwa cha Mkwawa kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Pima fedha hiyo kwa zama ambazo kibarua wa shamba alitoka na rupia chache kwa mwezi. Ndugu yake Mkwawa, Mpangile, akawekwa na Wajerumani awe mtawala mwishoni mwa mwaka 1896, na kabla miezi miwili haijatimia wakamtuhumu kuwa anamsaidia mtoro, wakamnyonga, Februari 1897. Mashamba yalichomwa, ghala zikamwagwa, wake na watoto wakakamatwa, ili njaa ifanye ambalo bunduki ilishindwa kulifanya.

Na watu wakanyamaza. Hili ndilo linalonigusa kuliko vita vyenyewe. Mtu mmoja anatafutwa na serikali yenye bunduki, zawadi imewekwa inayoweza kumtajirisha mchungaji wa mbuzi kwa siku moja, njaa inauma, na bado kwa miaka karibu minne anapata mahali pa kuota moto na mkono wa kumpa unga. Sisi tunaoishi katika zama za kuuziana kwa ahadi ya bei ndogo kuliko hiyo tunapaswa kuinamisha vichwa tunapolisikia jambo hilo.

Mwishoni, mgonjwa, amezungukwa, hana pa kwenda, Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe karibu na Mlambalasi. Waliomfikia walimkata kichwa, kikapelekwa Iringa bomani, kwa Prince. Kikavuka bahari. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikitaja katika kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ikirudishe, lakini hakikurudi mpaka tarehe 19 Juni 1954, gavana Twining alipokikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, baada ya fuvu kupatikana katika jumba la makumbusho la Bremen. Miaka 56, mwanangu. Mtoto aliyezaliwa siku ya msiba alikuwa mzee mwenye wajukuu ndipo akaona kichwa cha mfalme wake kinarudi nyumbani. Leo kipo Kalenga, katika nyumba ndogo ya makumbusho, na ukiingia pale utawaona Wahehe wamevua kofia.

Basi huyo babu yake mume wako, mzee wa Kihehe, ndiye ulitaka kumlaza Sakarani bila kumwambia.

Sikusema usiende. Wala sitaki msomaji anielewe hivyo. Ninachokataa ni kumpeleka mtu mahali ambapo moyo wake una deni, na wewe unajua au ungepaswa kujua, ukamwacha ajigundulie mwenyewe mbele ya kamera, amevaa suti, wapambe wanamwambia acheke. Kwa adabu yetu, mgeni akija katika nyumba yenye kilio anaambiwa mlangoni: "Ingia, lakini tuna msiba." Haambiwi baada ya kula.

Nyumba za kale zina tabia moja, nayo ni kwamba zinapendeza. Aliyejenga alichagua mgongo wa mlima wenye upepo, akapanda miti, akapanga maua, na miti haina hatia, imekua tu. Macho yanapopendezwa, ulimi unaanza kumhurumia mwenye nyumba: maskini, alikuja mbali, alipambana na malaria, alimpenda mkewe. Yote yanaweza kuwa kweli. Na hapo ndipo aliyewindwa anapogeuka kuwa sehemu ya hadithi ya mwindaji, kama pembe ya mnyama iliyotundikwa ukutani. Nasaha yangu ni hii: ukiingia katika nyumba ya namna hiyo, kabla hujauliza nyumba ilijengwa lini, uliza aliyewindwa aliitwa nani. Lipate jina lake lote, ulitamke. Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Lina silabi nyingi na ndivyo linavyopaswa kuwa, likujaze kinywa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani, katika jimbo la Maryland, kuna nyumba ya shamba ya daktari aliyeitwa Samuel Mudd, ambayo sasa ni makumbusho. Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865, na kabla ya kupambazuka muuaji wake, John Wilkes Booth, akafika kwa daktari huyo mguu umevunjika, akafungwa mguu, akalala. Alisakwa siku kumi na mbili, akauawa tarehe 26 Aprili katika shamba moja la Virginia. Daktari alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha mwaka 1869 akasamehewa. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 150, swali linaloizunguka nyumba ile ni moja: je, daktari alimtambua mgeni wake au hakumtambua? Ni swali tamu, la mashaka, watu wanaweza kubishana usiku kucha. Lakini daktari Mudd alikuwa amemiliki watumwa, na tumbaku ya shamba lile ililimwa kwa mikono yao. Swali la mguu wa mtoro linaweza kummeza kabisa mtu aliyekuwa akichota maji ya kuuosha mguu huo.

Nimeleta mfano wa mbali kwa sababu ya karibu yanauma. Hata huku kwetu msako ulikuwa na watu wengine waliomezwa. Shamba la kahawa la mwanajeshi mstaafu halilimwi na mwanajeshi mstaafu. Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume Msambaa alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, na alipaswa kuzijaza siku hizo kwa kumfanyia kazi mlowezi kila baada ya miezi minne. Asiyejaza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Baba wa babu yangu alikuwa na kipande. Babu alitusimulia jinsi mzee wake alivyokuwa akikificha kwenye makuti ya paa kama mtu anavyoficha dawa, na jinsi mahindi yake mwenyewe yalivyokuwa yakikauka kwa kukosa palizi huku yeye akipalilia kahawa ya mtu. Hakusema shamba la nani. Kwake walikuwa wote "Mzungu."

Wazee wa Shambaai walikuwa na maneno mawili ambayo naona vijana wanayapoteza. Kuzifya shi, kuitengeneza nchi, mvua inyeshe, watu washibe. Na kubana shi, kuiharibu nchi. Mtawala alipimwa kwa hayo. Hawakuuliza kwanza kama ana nyumba nzuri wala kama ni hodari vitani. Waliuliza nchi imekuwaje chini ya mkono wake. Nadhani hicho ni kipimo kizuri cha kuingia nacho katika nyumba yoyote ya kale, iwe ya Mjerumani, ya Mwarabu wa Pangani, au ya Mkilindi wa Vuga. Ndiyo, hata ya Mkilindi. Tuna watawala wetu waliouza watu kwa misafara ya pwani wakati wa vita vya kugombea kiti baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, na wajukuu wa waliouzwa wako. Asije mtu akadhani naandika ili tuchukie rangi fulani.

Na hao askari waliompa Prince jina la sifa, walikuwa nani? Weusi kama sisi. Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, na wengine wa pwani. Waliokwenda na Prince porini walikuwa hao, na waliobeba mizigo ya msako walikuwa baba wa mtu fulani wa leo. Mtu akisimama Sakarani kwa hasira ya haki, na akumbuke kwamba huenda katika ukoo wake mwenyewe yumo aliyeshika bunduki upande ule. Kukumbuka hivyo hakupunguzi uovu wa msako. Kunaondoa kiburi tu, na hasira isiyo na kiburi ina kazi nzuri ya kufanya.

Sasa wenyeji wa leo. Watawa wa Sakarani hawakumkata mtu kichwa. Binti anayeleta chai pale ni wa kijiji cha jirani, ana mtoto shuleni. Bwana shamba anayeonyesha mikadamia anafanya kazi yake. Ukienda, salimia, lipa unachotakiwa kulipa, shukuru. Nimewahi kumwona mtu, katika nyumba nyingine ya namna hii ambayo sitaitaja, akimfokea mhudumu kwa dhambi za watu waliokufa miaka mia iliyopita. Mhudumu aliinamisha uso akasema, "Samahani baba." Nilisikia aibu kwa wote wawili. Kama una neno juu ya historia, liseme kwa mwenye mamlaka ya mahali, kwa utulivu, mkiwa mmekaa: je, mnawaambia wageni jina hili limetokana na nini? Je, jina la Mkwawa limeandikwa mahali popote hapa? Ni swali la haki na mwenye nyumba mwema atalipokea.

Nitakiri jambo langu, kwa kuwa nasaha isiyomgusa msemaji ni kelele. Hapa Sigi tuna nyumba yetu ya Kijerumani. Waliokuja kupanda kwenda Amani wanaijua: nyumba ya zamani ya stesheni, chini ya mlima, karibu na mto, ambayo hifadhi ya msitu inaitumia kupokelea wageni. Reli ilitoka Tengeni, ikafika hapa, ikishusha mbao za milima hii kwenda pwani, enzi ambazo Wajerumani walikuwa wamejenga kituo chao cha utafiti wa mimea pale Amani mwaka 1902. Reli yenyewe iling'olewa zamani, nyumba ikabaki. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasindikiza wageni wanaopita kwangu mpaka pale, na kila mara nimesema sentensi ileile: "Reli hii waliijenga Wajerumani."

Siku moja mama mmoja wa makamo, Mjerumani, mwalimu kama nilivyokuwa mimi, alisimama mbele ya ile nyumba kimya kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha kujifunza: "Mama, waliobeba mawe walikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa umbali wa kutembea kutoka pale. Nimefundisha historia shule ya msingi miaka thelathini na mbili. Nimejua mwaka wa Amani, nimejua jina la bwana mkubwa wa wilaya aliyepeleka ua la Usambara Ulaya, nimejua upana wa reli. Sikujua hata mtu mmoja aliyebeba jiwe, na mgeni kutoka nchi ya waliosimamia ndiye aliyenikumbusha kuuliza. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilianza kuzunguka kwa wazee, mmoja baada ya mwingine, nikiwa na daftari. Nimechelewa, wengi wametangulia. Lakini kuna bibi mmoja alinitajia babu yake, aliyekuja kutoka Unyamwezi kufanya kazi za mkataba na asirudi tena, na kuna mzee alinionyesha mahali magogo ya mivule yalipokuwa yakikusanywa, na wimbo wa kuvutia magogo ambao mama yake alikuwa akiuimba kubembelezea mtoto, bila kujua ulianzia wapi. Sasa nikisimama pale na mgeni ninaanza na hao.

Kwa hiyo nanyi vijana mnaotembeza wageni, hapa Sigi, Lushoto, Irente, Magamba, Pangani: najua bahshishi huja upesi zaidi hadithi ikiwa tamu. Mgeni anapenda kusikia juu ya piano iliyobebwa na wapagazi mpaka mlimani. Basi mwambie ya piano, lakini usimwache aondoke bila kuwajua wapagazi. Wageni wengi wanaweza kuubeba ukweli kuliko tunavyowadhania. Rais wa Ujerumani mwenyewe, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi kwa waliyotendewa watu wetu wakati wa Majimaji. Kama rais wao ameweza kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, mtalii wa kawaida ataweza kuyasikia kutoka kwako. Na wako watu ambao kwao hili si historia kabisa. Kilimanjaro, ukoo wa Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, umekuwa ukitafuta kichwa chake kwa miongo. Unapomtembeza mgeni huwezi kujua nani kati yao, au kati ya Watanzania waliosimama nyuma ya kundi, anasikiliza habari za kwao.

Watoto nao wapelekwe. Nimesikia wazazi wakisema mambo ya vichwa kukatwa si ya watoto. Mtoto wa miaka kumi anayetazama mapigano kwenye simu usiku kucha anaweza kuambiwa kwamba palikuwa na mtu, kwamba alikataa, kwamba watu wake walimficha, kwamba alikufa, na kwamba ilichukua miaka 56 kumrudisha. Mwambie polepole, ukiwa umemshika mkono, na usimwongezee chumvi. Akikuuliza kama yule aliyemwinda alikuwa mtu mbaya, usikimbie. Mwambie alichokifanya, mwachie muda.

Narudi kwa binti yangu wa Soni. Nilipomaliza kumweleza alilia kidogo kwenye simu, akasema, "Shangazi, ningetia aibu ukoo." Nikamwambia aibu bado haijafika, iko njiani, tunaweza kuizuia. Mpigie mama mkwe. Usimwandikie ujumbe, mpigie, kwa sauti yako. Mwambie kwamba kuna mahali pazuri karibu na kwetu, mwambie jina, mwambie lilitoka kwa nani, halafu unyamaze umsikilize. Akikataa, kuna Soni nzima ya kupigia picha, kuna maporomoko ya maji, kuna barazani kwa baba yako. Akikubali, atakuja akiwa anajua anakokwenda.

Alipiga siku hiyohiyo jioni. Mama mkwe alikaa kimya, kisha akaita kwa nyuma, na simu ikapewa babu. Binti alianza vizuri, akamwamkia "Kamwene" kama alivyofundishwa na mchumba wake, halafu akayasema yote huku anatetemeka. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba jina hilo alilijua tangu utotoni, kwa baba yake, ila hakujua kama lina mahali. Akauliza kama shamba liko mbali na barabara, maana miguu inamsumbua. Akasema atakwenda, mchana, na wajukuu wote, na atataka apewe kiti na nafasi ya kuzungumza nao kwa Kihehe kabla ya mtu yeyote kutoa kamera. Picha zitafuata.

"Lakini kulala," alisema, "nitalala kwenu."

Kwa hiyo kaka yangu anapaka chokaa chumba cha mbele. Mimi nashuka Muheza alfajiri ya Alhamisi, niwahi basi la Mombo, nina mashuka mawili mapya na blanketi zito, maana Soni usiku ni baridi na mzee anatoka safari ndefu.